BARAZA LA MAALIM: Gari Linapovuma Njiani



Mama mmoja wa Louisville, msomaji wetu wa siku nyingi, ametuletea swali ambalo hatukulitarajia katika ukurasa huu uliozoea mambo ya malezi, lugha na karatasi za shule. Anasema gari lake limeanza kuvuma. Likiwa katika mitaa ya mjini halisemi neno; likifika maili 40 kwa saa huanza kuguna, na kwenye barabara kuu mvumo wake ni kama wa nyuki waliofungiwa mtungini. Kazi yake ni ya usiku, kupanga mizigo uwanja wa ndege, saa ambazo mabasi ya mji ni haba, na watoto wawili huwashusha kwa dada yake kabla ya kuingia zamu. Jirani amemwambia kwamba maadamu gari linakwenda, aliache liende. Naye anauliza: je, ni kweli?

Si kweli. Nasi tuna haki ya kulijibu swali hili, si kwa kuwa tulisomesha fizikia kwa muda mrefu wa umri wetu, bali kwa kuwa sisi wenyewe tuliliacha gari letu livume majuma sita, tukanunua tairi nne tusizozihitaji, na mwisho tukakosa harusi ya mtoto tuliyemlea.

Tuanze na sauti yenyewe. Gari lina sauti nyingi, na kila moja ina mwenyewe. Iko inayofuata injini na iko inayofuata magurudumu, na kazi ya kwanza ni kuzitenganisha hizi mbili. Simamisha gari mahali pa salama, kanyaga mafuta kidogo bila ya kuondoka. Ikiwa mvumo unapanda na kushuka pamoja na injini, basi mtafute mkosa kwenye alternata, pampu ya sukani, au magurudumu madogo yanayovuta mikanda. Ikiwa gari lililosimama liko kimya, lakini likikimbia linavuma, na mvumo huongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka, basi shaka iko chini: tairi, beringi, au gia zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu. Kuhakikisha, chagua barabara iliyonyooka isiyo na watu, fika mwendo ambao gari linavuma, kisha ondoa mguu kwenye mafuta na uitie gia kwenye nyutro. Injini itatulia. Mvumo ukibaki vile vile, injini imetoka katika shauri hili. Lakini tunasisitiza: usizime ufunguo gari likiwa linakwenda, kwani sukani yaweza kujifunga na breki zikawa nzito ghafla.

Baadhi ya wasomaji watashangaa kwa nini kitu kidogo ndani ya gurudumu kipige kelele ya kujaza gari zima. Hesabu yake ni nyepesi. Maili 60 kwa saa ni karibu mita 27 kwa sekunde. Tairi ya gari la kawaida ina mzingo wa mita 2 hivi. Kwa hiyo gurudumu huzunguka mara 13 na zaidi kwa kila sekunde moja. Ndani yake mna beringi: pete mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, na baina yao gololi zinazobingirika katika grisi. Chuma cha pete kikimeguka hata kipande cha ukubwa wa punje ya mtama, kila gololi inayopita hapo hugonga. Zidisha gololi zote kwa mizunguko 13, utaona kwamba haya si tena mapigo ya kuhesabika. Sikio huyasikia kuwa ni mvumo mmoja. Ukiongeza mwendo, mapigo hukaribiana na sauti hupanda. Ndiyo maana mama wa Louisville hasikii kitu mjini.

Sasa, tairi nayo huvuma. Tairi iliyolika kwa mawimbi, kwa sababu ya shokabsoba zilizochoka au magurudumu yaliyopindana, hutoa sauti ambayo hata fundi mzoefu huweza kudanganyika nayo. Hapa ndipo tulipokosea sisi. Tulikwenda kwenye duka moja la tairi, tukaeleza mvumo wetu, na kijana wa hapo, bila ya kuliendesha gari hata hatua moja, akasema ni tairi. Alikuwa anauza tairi. Tungemwuliza muuza samaki, angesema tule samaki. Tulilipa, tukatoka, na kabla hatujafika nyumbani mvumo ukatupokea kama ndugu aliyekuwa akitungoja.

Lau tungepitisha kiganja juu ya tairi zile za zamani, mbele kisha nyuma, tungejua. Tairi iliyolika vibaya huhisiwa mkononi: upande mmoja laini, ukirudisha mkono inakwaruza, kama ubao usiopigwa randa vizuri. Zetu zilikuwa sawa. Na kuna kipimo kingine kisicho na gharama, ambacho msafiri wa barabara ya I-71 hupewa bure: lami ya barabara hubadilika. Pengine ni nyeusi na laini, pengine ni ya saruji. Sauti ya tairi hubadilika mara moja unapovuka kutoka moja kwenda nyingine. Sauti ya beringi haijali barabara. Anayetaka yakini zaidi ahamishe tairi za mbele ziende nyuma. Sauti ikihama nazo, ni tairi.

Ilikuwa mwezi wa Machi, miaka michache iliyopita. Binti wa marehemu kaka yetu, tuliyemlea tangu ana miaka saba, alikuwa anaolewa Buffalo siku ya Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri. Tuliondoka Louisville Ijumaa baada ya sala, sisi, wa nyumbani kwetu, shangazi mmoja mzee na wajukuu watatu, pamoja na masanduku na sufuria mbili zisizoingia popote ila miguuni mwa watu. Safari ni maili 540 hivi: 210 mpaka Columbus, ambako tungelala kwa binti yetu, na 330 zilizobaki kwa njia ya Cleveland, kisha kando ya Ziwa Erie. Mtu aliyesomesha fizikia angepaswa kujiuliza kabla ya kutoka: maili 540 ni mizunguko mingapi ya gurudumu? Ni zaidi ya laki nne. Hatukujiuliza. Tulipandisha sauti ya redio.

Tulipofika Columbus magharibi ilikuwa imeingia, na mvumo ulikuwa umeshinda redio. Mkwe wetu akamwita rafiki yake, kijana wa Kibantu wa Somalia aliyezaliwa katika kambi ya Dadaab, akahamishiwa Kakuma na wazee wake mwaka 2002, akaingia Marekani mwaka 2004 akiwa mtoto. Mchana anafanya kazi ghalani kama vijana wengi wa Columbus. Jioni na mwisho wa juma anatengeneza magari ya jamaa. Hakufungua boneti. Aliingia kiti cha mbele, akatuambia tuendeshe.

"Maalim, zima redio. Na hita pia."

Tukazima. Tukaingia barabara ya I-270 inayouzunguka mji, na baridi ikaingia nasi. Kwa mwendo wa dakika kumi hakusema neno. Kisha akatutaka, pale ambapo hapakuwa na gari karibu, tulipeleke gari taratibu kushoto, kisha kulia, kama mtu anayebadilisha njia kwa upole. Kushoto, mvumo ukapanda ukawa mngurumo. Kulia, ukafifia kabisa.

"Mbele, kulia," akasema.

Tukamwuliza kwa nini kulia, hali kelele huja tukienda kushoto. Akatuangalia kwa adabu, kwani alikwisha ambiwa kuwa tulisomesha. Gari likikata kushoto, uzito wake hulalia upande wa kulia. Beringi ya kulia hubebeshwa zaidi, na mgonjwa akibebeshwa hulia. Tulinyamaza. Somo lile tulilisomesha kwa chaki, na mbele ya ubao tulilijua sana.

"Na tairi hizi, Maalim, ni mpya?"

"Za wiki tatu."

"Tairi hazina neno. Pesa ndizo zimekwenda."

Nyuma ya nyumba akalinyanyua gari kwa jeki, akaweka stendi ya chuma chini yake kabla ya kutia mkono. Tulitaje hili kwa mkazo, kwani tumewaona vijana wetu wakilala chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kutegemea. Akalishika gurudumu juu kabisa na chini kabisa, akalitikisa. Likacheza, likagonga. Akamwambia mkwe wetu akanyage breki, akatikisa tena. Halikucheza. Hii ni dalili nzuri ya kuijua: mchezo ukipotea breki inapokanyagwa, kosa ni la beringi, ukibaki, litafutwe kwenye viungo vinavyoshika gurudumu. Mwisho akalizungusha gurudumu kwa mkono mmoja, na mkono wa pili akauweka juu ya springi. Akatuita tuweke na sisi. Kupitia chuma kile tuliisikia beringi ikisaga, kama jiwe la kusagia lenye mchanga ndani. Na si kila beringi mbovu hucheza, alitueleza. Nyingine hukaa imara na kusaga tu, kwa hiyo mkono juu ya springi haudharauliki.

Tukamwuliza kama litatufikisha Buffalo. Maili 330 tu.

"Silijui, Maalim. Wala wewe hulijui. Hakuna anayelijua."

Tulibishana naye. Tunaliandika hili ingawa halitupi sifa. Tulisema tutakwenda pole pole, tulisema bibi harusi anatungoja, tulisema gari limekwisha tembea majuma sita. Yeye akasema beringi iliyofika hapo inaweza kupata moto ikashikana, au kitovu cha gurudumu kikaachana na gari, na gurudumu likatoka katika mwendo wa maili 70, na ndani ya gari mna watoto watatu. Kisha akafunga stendi, akachukua ufunguo, akautia mfukoni mwake. Kijana wa umri wa kuwa mwanafunzi wetu. Wa nyumbani kwetu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema, "Mwacheni na ufunguo wake," akaingia ndani.

Usiku ule tukapiga simu Buffalo. Mdogo wetu wa huko tukamwakilisha amwozeshe binti kwa niaba yetu, na sheria hilo inaliruhusu. Binti akachukua simu. Aliuliza kama tuko salama, tukasema tuko salama. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi, Ami, alhamdulillahi," na tukajua kwamba analia.

Jumamosi yote ilikwenda katika kazi ile. Magari yetu ya kule nyumbani, Land Rover na Peugeot 404, yale yaliyoshinda Safari Rally mwaka 1963, na tena mfululizo kuanzia 1966 mpaka 1968, mengi yalikuwa na beringi ambazo fundi aliweza kuzifungua, kuziosha kwa mafuta ya taa, kuzishindilia grisi mpya na kuzirudisha. Umbo la aina moja kubwa ya beringi hizo, la gololi ndefu zilizolala mshazari, lilipewa hataza hapa Marekani mwaka 1898 kwa jina la Henry Timken, ambaye kampuni yake ilihamia Canton, katika jimbo hili hili la Ohio, mwaka 1901. Kwa sababu ya mazoea hayo wazee wengi wetu bado husema: tia grisi. Beringi za magari mengi ya leo zimefungwa moja kwa moja. Hazifunguliwi, haziongezwi grisi, zikifa hubadilishwa.

Na ziko za namna mbili. Katika baadhi ya magari, beringi na kitovu ni kitu kimoja kinachoshikwa kwa boliti tatu au nne. Fundi hufungua, huweka kipya, na kazi ni ya saa moja au mbili. Katika mengine, beringi imeshindiliwa ndani ya chuma kinachobeba gurudumu, na haitoki wala haiingii ila kwa mashine yenye nguvu. Yetu ilikuwa ya namna ya pili. Juu ya hayo ilikuwako chumvi. Barabara za nchi hizi za baridi humwagiwa chumvi kila theluji inapoanguka, na huko Cleveland wamechimba mgodi wa chumvi chini ya Ziwa Erie lenyewe, kina cha futi 1,800 hivi. Chumvi hiyo huishia kwenye vyuma vya magari yetu. Nati ya shafti ilikuwa imeshikana na kutu hata ikavunja chombo kimoja. Mafuta ya kulegeza, nyundo, mafuta tena, chai, nyundo tena. Zana maalumu zilikopwa kwenye duka la vipuri, ambalo hushika amana na kuirudisha zana zinaporudi. Wasomaji wengi hawajui kuwa huduma hii ipo.

Mambo matatu tuliyaona kijana yule akiyafanya, nasi tunayaeleza ili msomaji atakayesimama gereji ajue la kuuliza. Alipoishindilia beringi mpya mahali pake, aliisukuma kwa pete ya nje tu. Ukiisukuma kwa pete ya ndani, nguvu zote hupita kwenye gololi, na beringi hufa kabla haijazaliwa. Aliangalia ni upande gani wenye sumaku ya sensa ya breki, kwani ikigeuzwa taa ya ABS huwaka na kazi yote hurudiwa. Na hakuruhusu gurudumu libebe uzito wa gari kabla ya nati mpya ya shafti kukazwa, akaikaza kwa spana inayopima nguvu, kwa kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha gari lile. Nati za gurudumu nazo zina kiwango chake, na wengi wetu huzikaza kwa hasira tu.

Alimaliza isha imekwisha adhiniwa. Tulitaka kumlipa sawa na walivyotaka gereji mbili tulizozipigia simu. Alipokea gharama ya kipuri na thuluthi ya tuliyompa, nyingine akairudisha.

Basi, mama yetu wa Louisville, jibu letu ni hili. Kwanza ondoa yaliyo mepesi: kama umefunga chuma cha mizigo juu ya paa, kifungue usikilize, kwani upepo nao huvuma, na angalia kama plastiki ya chini ya gari imening'inia. Kisha fanya vipimo tulivyovieleza, mwenzio akiwa karibu kusikiliza, kwa maana dereva hana nafasi ya kusikiliza na kuangalia njia. Ukiona kuwa ni beringi, usipande nalo barabara kuu, na tafuta miadi ya gereji juma hili hili. Ikiwa sukani inatetemeka, au gurudumu moja ni la moto kuliko mengine, au mvumo umegeuka kuwa kusaga, lisiondoke kabisa. Omba kupakiwa na wenzio wa zamu. Gereji, mwombe fundi aliendeshe pamoja nawe kabla ya kutaja bei, akutenganishie bei ya kipuri na ya kazi, na umwambie mapema kuwa unataka kipuri cha zamani mkononi. Jamaa wa Buffalo wana nafuu moja: jimbo la New York hulazimisha gari kukaguliwa kila mwaka, na huenda gurudumu linalocheza likaonekana. Kentucky haina ukaguzi huo, wala sisi tuendao Columbus hatuulizwi na mtu. Huku macho ni yetu wenyewe.

Buffalo tulifika Jumapili alasiri. Njia nzima gari lilikuwa kimya hata shangazi akalalamika kuwa sufuria ndizo zinazopiga kelele. Bibi harusi alitufungulia mlango mwenyewe, hina mikononi mpaka kwenye viwiko, na kabla ya salamu haijakamilika akauliza, "Gari limepona?"

Beringi ile mbovu tunayo, ipo juu ya meza tunapoandika haya, na wajukuu huigombea. Mama wa Louisville akipita kwetu aizungushe kwa kidole, alinganishe na anachokisikia garini mwake.

Mwezi ujao, inshaallah, tutajibu barua mbili za Buffalo kuhusu betri zinazokufa wakati wa baridi.

Wassalaam.